Eka Yetu na Msaada wa Korona

Mama Sifa,

Ile awamu ya pili ya pesa za kaunti iliingia ukiwa umeshazikwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya habari za nyumbani. Iliingia mwezi wa nne, wakati theluji ya mwisho ilikuwa inayeyuka kando ya barabara ya Kipling, hapa Toronto, na kuacha uchafu wote wa msimu wa baridi peupe. Nilikuwa ghalani, mapumzikoni, nimekaa juu ya kasha na chai yangu. Simu ikatoa mlio wa benki. Nikasoma jina la shamba letu, Shamba la Neema, jina ulilolichagua wewe bila kuniuliza, nikainuka nikaenda chooni. Nililia mpaka msimamizi akatuma mtu aje kuona kama niko mzima.

Tangu siku hiyo nimejaribu kukuandikia mara nyingi. Nilikuwa naandika "Mama Sifa," halafu naona ni kama nimekuita na hujaitika. Naacha. Leo naona naweza. Lakini niache niyaseme yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana nikianza kurukaruka nitapotea njiani.

Unakumbuka tulivyojuana? Ni kanisani Rexdale, kwenye ibada ya Kiswahili ya mchana. Ulikuwa umebeba mfuko wa majani uliyoyapanda kwenye ndoo, kwenye roshani ya ghorofa ya tisa, na ulikuwa unawagawia watu kama mtu anayegawa mtoto wake. Nikachungulia nikasema, "Haya! Terere!" Ukanitazama juu mpaka chini. "Terere ni nini? Hii ni lengalenga." Ni mchicha ule ule, lakini hatukukubaliana siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Ukaniita Mama Kenya, jina likanikaa, hata mchungaji sasa hanijui kwa jina la Mueni.

Mimi nilikuwa nimetoka Machakos na cheti cha uhasibu ambacho hapa hakuna aliyetaka kukisoma. Nikaishia kupakia masanduku karibu na uwanja wa ndege. Wewe ulitoka milimani juu ya Bukavu, ukapita kambini Tanzania na Sifa mgongoni, ukakaa huko mpaka akaanza shule, ndipo mkaletwa Toronto. Ulikuwa unakatakata kuku kiwandani Downsview. Lakini hukuwahi kusema "mimi nafanya kazi ya kuku." Ukiulizwa unafanya nini, ulikuwa unasema, "Kwa sasa, kuku." Hiyo "kwa sasa" ulisema miaka yote niliyokujua.

Ni wewe uliyesikia kwamba kuna mzee mmoja, Bwana Dagi, katika kaunti moja ya mashamba kaskazini mwa jiji, anakodisha kipande cha ardhi kilichobaki kando ya zizi lake. Mimi nilikuwa na vani. Nikakwambia, "Basi wewe una mikono, mimi nina gari." Ukanijibu, "Na mikono yako iko wapi?"

Msimu wa kwanza Bwana Dagi alidhani tumelaaniwa. Kwake lengalenga ni magugu. Anayapiga dawa kila mwaka yasimharibie soya, na hapa wamekuja wanawake wawili wanamlipa ili wayapande kwa mistari. Alisimama kwenye ua na kofia yake, akatazama, akatazama, mwisho akauliza kama kweli tunakusudia. Nilipokutafsiria ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye udongo. Na wewe pia ulikuwa na yako. Alikuonya usipande maharage mapema mwezi wa tano, kwamba jalidi, ile baridi ya usiku inayoganda juu ya majani, bado inaweza kushuka. Ukasema huyu mzee wa ng'ombe anajua nini habari za maharage. Jalidi ikashuka. Asubuhi tulikuta kila mche umeinama, mweusi kama umechomwa na maji ya moto. Ulisimama pale mikono kiunoni ukaitukana baridi kwa lugha ya kwenu, halafu ukanigeukia. "We Mama Kenya, hii baridi iko na roho mubaya." Bwana Dagi hakukucheka. Alikuletea mbegu nyingine, akazining'iniza kwenye mlango wa banda, akaenda zake.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Na tukapata watu wetu. Jumapili baada ya ibada nafungua mlango wa nyuma wa vani, na kabla sijavua koti la kanisa mafungu yameisha: lengalenga, managu au mnavu, majani ya maboga, kunde. Lile duka la vyakula kule Downsview lilikuwa linachukua, na ile hoteli ndogo ya Wakongo pia. Mama mmoja kutoka Thorncliffe Park alipanda mabasi matatu kuja kununua majani ya maboga. Alipoyanusa, macho yakamjaa machozi. Ukamwongezea fungu, halafu ndani ya gari ukanigombeza mimi kwamba nauza bei rahisi.

Kisha ikaja korona.

Tulipanda, kwa sababu mwezi wa tano haungojei mtu. Ulisema watu hawawezi kuacha kula. Lakini kanisa lilifungwa, duka likafungwa, hoteli ikafungwa na hadi leo haijafunguliwa. Mboga zikakua. Mama Sifa, ule ulikuwa msimu mzuri kuliko yote, na ndio uliotutesa. Mvua ilikuja kwa wakati wake, lengalenga zikafika magotini, kisha kiunoni, kisha zikatoa maua. Nilikuwa napeleka mifuko Thorncliffe kwenye maghorofa, naacha chini kwenye lango, wanashuka mmoja mmoja na barakoa. Lakini wengi walikuwa wamesimamishwa kazi, na sisi hatukuwa na uso wa kuwadai. Zaidi ya nusu ilikauka ikiwa imesimama. Siku moja nilikukuta katikati ya shamba umeshika shina lililokomaa, unalipapasa tu. Sikukuita. Nilirudi garini nikangoja.

Mwezi wa nane Bwana Dagi alikuja kwenye ua, akasimama mbali kama ilivyokuwa desturi wakati ule, barakoa ikining'inia kidevuni. Alisema serikali imetoa msaada kwa wakulima waliopoteza soko kwa sababu ya korona, na ofisi ya kaunti ndiyo inayoshughulikia. Akauliza kama tumeomba. Akasema pia, kwa upole, akitazama buti zake, kwamba jirani yake anaitaka ile eka kwa soya, na angependa kujua kabla ya theluji kama tutaendelea.

Nilikutafsiria yote. Ukajibu hapo hapo, "Mwambie asante. Sisi si maskini."

Nilikukasirikia sana siku ile. Tuliendesha kuelekea mjini, vani ikinuka managu yasiyo na mnunuzi, na mimi nimefunga mdomo nisije nikasema la kujutia. Tulipofika karibu na barabara ya Islington ukaanza kuzungumza, unatazama nje dirishani. Ukanieleza habari za kambini, ambazo kabla ya hapo ulikuwa unaniambia vipandevipande tu. Mstari unaoanza alfajiri. Yule mwanamke wa kupima unga, jinsi alivyokuwa anapitisha kiganja juu ya kopo ili lisizidi hata chembe, na wewe unatazama kile kiganja. Mama yako aliyekuwa na mashamba yake mwenyewe mlimani, aliyekuwa akilisha wageni, amesimama juani ameshika kadi ya mgao. Alikufa akiwa bado ana ile kadi. Ukasema, "Mi nilipanga mustari ya unga mpaka nikazeekea mule. Sitaki tena. Heri eka iende."

Nikakupeleka mpaka mlangoni kwako.

Na mtu aliyekugeuza sikuwa mimi. Ilikuwa wiki iliyofuata. Tulikwenda kufyeka yale yaliyokauka, na Bwana Dagi alikuwa anarekebisha lango. Ulinivuta mkono ukaniambia nimuulize yeye, mwenye nyumba ya matofali na matrekta yake, kama na yeye ameomba. Niliona aibu kumuuliza mzee swali kama hilo. Ukanisukuma. Nikamuuliza.

Uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni. Aliweka nyundo chini. Akasema ndiyo, ameomba, na amepata. Machinjio yalifungwa wafanyakazi walipougua, ng'ombe wake wakaendelea kula na kunenepa bila mahali pa kwenda, na kila siku iliyopita alikuwa anapata hasara. Akasema hajamwambia mtu, hata kaka yake, kwa sababu baba yao alikuwa anajisifu kwamba familia ile haijawahi kupokea kitu cha bure. Alikesha akiwaza kabla ya kupiga simu.

Uliposikia tafsiri ulisogea mpaka langoni. Kisha ukauliza, "Na yeye alipanga mustari?" Nikamuuliza. Akasema hapana, hakukuwa na mstari, ni simu tu na maswali. Ukatikisa kichwa. "Kumbe naye eko muntu tu."

Tulipiga simu pale pale, ndani ya uwanja wake, simu nimeiweka juu ya vani. Wewe ulijifanya unachambua managu, lakini niliona mikono yako imesimama. Akapokea yule dada wa ofisi ya kaunti, mwenye sauti ya mtu aliyechoka lakini anayejikaza kuwa mwema. Akauliza tunalima nini, akanitaka nimtajie "lengalenga" herufi kwa herufi. Akauliza nani ndiye anayelima hasa. Nikasema si mimi, mimi ni dereva na muuzaji. Nikaanza kumweleza kwamba mwenzangu amepitia mengi, kwamba ni mkimbizi, kwamba ana mtoto. Akanikatiza, si kwa ubaya. Alisema, "Siulizi kama ana shida, mama. Nauliza kama analima."

Hukungoja nitafsiri. Uliinamia simu ukajibu mwenyewe, kwa Kiingereza chako cha kiwandani, kwa sauti kubwa kama unamwita mtu ng'ambo ya bonde, kwamba ndiyo, wewe ni mkulima.

Walimtuma kijana kuja kuliona shamba. Unakumbuka alivyokanyaga kwa uangalifu, akidhani anakanyaga mboga kumbe anakanyaga magugu, na mboga zenyewe anaziruka kama magugu? Ulimjazia mfuko, akakataa kwamba hairuhusiwi, ukauweka juu ya gari lake mwenyewe ukaondoka. Sijui alifika nao wapi.

Si wote waliopata, na hilo sitaki kulificha. Yule Mrundi aliyekuwa analima upande wa pili wa kaunti kwa makubaliano ya mdomo tu alinyimwa, kwa sababu mwenye ardhi hakutaka kusema kwamba anamkodishia. Uliniambia tumpe mbegu, tukampa. Sisi tulibahatika kuwa na Bwana Dagi, aliyesema wazi kwamba tunalima kwake na anatujua.

Awamu ya kwanza ilipoingia hukununua hata kitenge. Ulilipia eka ya mwaka unaofuata kabla jirani hajafungua mdomo. Ukanunua pampu na mipira ya maji, tukaachana na kubeba ndoo kutoka kwenye bwawa la ng'ombe. Ofisi ilisema awamu ya pili itakuja majira ya kuchipua, iwapo shamba linaendelea kulimwa. Ukasema hiyo ni ya chumba cha baridi, ili mboga zingoje soko badala ya kutufia mikononi. Ulinichorea kwa kidole kwenye kioo cha vani kilichojaa mvuke: mlango hapa, rafu hapa, hapa kunde.

Majira ya baridi ulirudi kwenye kuku.

Nilikuomba usiende, nadhani. Nimejiuliza mara nyingi kama kweli nilikuomba au nilitaka tu kukuomba. Kila mtu alikuwa anajua viwanda vile vilivyokuwa, watu bega kwa bega kwenye baridi, wanapiga kelele ili wasikilizane. Mwezi wa kwanza ukaanza kukohoa. Sifa akanipigia simu. Nilikuta gari la wagonjwa limeshaondoka na mtoto amesimama kwenye varanda ya jengo lenu na ndala kwenye theluji.

Hatukuruhusiwa kukuona. Muuguzi mmoja, Mungu ambariki popote alipo, alikushikia simu usoni ili tukuone. Nilitarajia utasema jambo kubwa. Hukusema habari za shamba, wala za kwenu, wala za Mungu. Ulimuuliza Sifa kama amekula. Akasema ndiyo. Ukamuuliza amekula nini. Akasema mkate. Ukakunja uso, ule uso wako, na picha ikakatika.

Mama Sifa, namna tulivyokuzika, nisamehe kwa kuikumbusha. Sisi ni watu wa kuzika kwa umati. Kwetu na kwenu mtu hafi peke yake, nyumba inajaa, masufuria yanakuja yenyewe, watu wanalala sakafuni mpaka siku ya kuanua matanga. Wewe tulikuzika watu wachache tuliohesabiwa mlangoni, kila mmoja na nafasi yake, ardhi ngumu kama chuma mpaka mashine ya kuchimba ilikuwa inalia. Wengine wote walikuwa kwenye simu niliyoishika kwa mkono ulioganda. Walipoimba, sauti zilikuja zimechelewa, kila nyumba na mstari wake, hata wimbo haukueleweka. Sifa hakulia. Alishika mkono wangu akautazama tu.

Basi ndiyo maana ile pesa ilipoingia mwezi wa nne nilikimbilia chooni.

Kwanza nilifikiri nini cha kufanya. Jina langu lilikuwa kwenye akaunti ya shamba pamoja na lako. Mtu mmoja kanisani, simtaji, aliniambia ninyamaze, kwamba serikali ina mengi ya kuhesabu. Nilipomuuliza Sifa alinijibu kwa Kiingereza, bila kuniangalia, kwamba niwarudishie yote, na kwamba halitaki lile shamba, kwamba kati ya kuku na shamba hakuwahi kuwa na mama wa kukaa naye Jumamosi. Aliniita Anti, kama kawaida, lakini aliitamka kama mtu anayefunga mlango.

Nikaipigia ofisi. Alipokea dada yule yule. Nikamtajia jina la shamba, akalikumbuka, akaniuliza habari zako. Nikamwambia umefariki. Akasema pole, na sauti yake haikuwa ya ofisi. Akauliza ilikuwaje, nikamwambia. Akasema kwao kijijini pia wamezika.

Nikamwambia nataka kujua pesa zirudishwe vipi. Akanieleza polepole kwamba ule msaada ulitolewa ili shamba lisife, haukutolewa kwa jina la mtu mmoja, na kwa kuwa mimi ni mshirika, swali ni moja tu: kuna mtu atakayelima msimu huu?

Nikasema ndiyo. Nilisema kabla sijafikiri. Nilipokata simu ndipo nilipojiuliza ni nani atalima, maana mimi, unajua vizuri, nilikuwa najua kuendesha gari na kuuza. Miaka yote ile nilikuwa napalilia ulipoonyesha na kuacha ulipokataza.

Ulicheka sana huko, kama kunachekwa. Kunde zangu za kwanza zilioza ardhini kwa sababu nilizimwagilia kama ninaosha gari. Managu niliyabananisha mpaka yakawa kama nywele. Bwana Dagi alikuwa anapita asubuhi anasimama kwenye ua, na siku moja alishindwa, akaingia, akapiga magoti kwa shida na yale magoti yake, akaanza kuipunguza miche ya lengalenga. Yale magugu yake, Mama Sifa! Aliyashika taratibu, anang'oa moja anaacha moja, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Alikuwa anakutazama siku zote hizo na sisi hatukujua.

Mwezi wa saba mgongo ulinishika kazini nikashindwa kuinama. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumpigia, nikampigia Sifa. Nilimwambia tu kwamba pampu inahitaji mtu wa kuifungua, nikategemea atakataa. Alikuja, na viatu vyeupe, na uso wa mtu aliyelazimishwa. Alifungua maji akakaa kwenye tairi la trekta anatazama simu yake. Mimi nilikuwa nachuma nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kila nikivuta naguna. Baada ya muda alikuja akasimama karibu nami. Akasema, na alisema kwa Kiswahili, Kiswahili chako cha milimani ambacho sikujua kwamba anacho mdomoni, "Hapana vile, Anti. Mama alikuwa anavunjia hapa, juu ya jicho, njo inatoka tena." Akainama akanionyesha lile jicho la shina linalochipua tena. Akachuma mstari mzima, kisha mwingine. Alipofika mwisho wa shamba, mbali nami, aliketi, na ndipo nikasikia akilia, kilio chenyewe sasa, kile alichokuwa amekiweka tangu makaburini. Mgongo wangu ulinikataza kukimbia. Nilikwenda hivyo hivyo kwa kujikongoja, nikakaa naye kwenye matope.

Alirudi Jumamosi iliyofuata na mabuti.

Chumba cha baridi kipo. Kiko nyuma ya banda, kidogo, mlango upande uleule uliosema. Soko halikurudi kama zamani, lakini duka la Downsview limefunguliwa tena, na kanisa limefunguliwa, na vijana wanaosoma na Sifa chuoni wanaagiza kwa simu. Bado niko ghalani, ila nimepunguza zamu. Sifa anasomea uuguzi. Nilimuuliza kwa nini uuguzi, akainua mabega. Sikumuuliza tena. Najua ni nani aliyekushikia simu.

Jambo lililonipa nguvu ya kukuandikia ni hili. Jumamosi iliyopita tulianua matanga yako.

Ni Sifa mwenyewe aliyetaka. Masharti yote ya korona yalikuwa yameondolewa, akasema hataki ukumbi, anataka shambani. Nilimwomba ruhusa Bwana Dagi nikamwambia watakuja watu kidogo. Lilikuja basi zima la kanisa, na magari nyuma yake, Rexdale yote, Downsview, Thorncliffe, wale wanawake wa kiwandani kwako na shali kichwani. Walikuja na masufuria. Walipika ugali pale kando ya zizi, ng'ombe wanatazama. Nilimwona Bwana Dagi ameshikwa na butwaa kwenye varanda yake, nikampelekea sahani.

Mchungaji alisali. Watu waliimba, na safari hii sauti zilikuwa pamoja. Tulipomaliza kuimba, mama mmoja wa kwenu, yule mrefu aliyekuwa anakata kuku karibu nawe, alipiga kelele. Alitoa ukelele ule wa msiba ambao sisi sote tulikuwa hatujausikia tangu korona ianze, akajitupa kwenye udongo baina ya mistari. Na wengine wakafuata. Mama Sifa, walilia. Walikulilia wewe, na nadhani walimlilia kila mtu waliyemzika kwa simu mwaka ule, hapa na kwetu. Shamba zima lilikuwa linalia.

Bwana Dagi alikuja mbio, kwa kadiri anavyoweza kukimbia, simu mkononi. Alidhani mtu ameumia. Aliniuliza aite gari la wagonjwa. Nikamwambia, hapana, mzee, hakuna aliyeumia, wanalia tu, ndivyo tunavyolia, na hatukupata nafasi wakati ule. Alitazama wale wanawake kwenye matope. Ng'ambo ya ua yule jirani wa soya alikuwa anaendesha trekta, inanguruma, inakuja kuelekea kwetu. Bwana Dagi alivuka akaenda mpaka kwenye ua, akainua mkono wake juu, akaushikilia hapo. Trekta ikasimama. Injini ikazimwa. Akavua kofia, akabaki amesimama pale, amewapa mgongo, mpaka watu walipomaliza kulia.

Kwa heri, Mama Sifa. Lala. Mtoto anakula vizuri, wala si mkate. Nakuahidi kwamba maadamu nina nguvu za kushika usukani, Sifa hatakwenda shambani peke yake, wala hatarudi peke yake. Na mwezi wa tano mwakani nitangoja jalidi ipite kwanza.

Rafiki yako,
Mueni, Mama Kenya